Vanishi Juu ya Uso wa Seremala

Nusu ya mambo haya alinisimulia seremala mwenyewe, asubuhi iliyofuata ule ugomvi, akiwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko langu na kofia magotini. Nusu ya pili alinisimulia mjukuu wangu jioni ya siku hiyohiyo. Nimeziunga kama vipande vya nguo, na pale kitambaa kilipopungua nimetia changu, maana wote wawili nawajua.

Nilikuwa nachambua mchele. Sikusikia hodi, nilisikia mtu anakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umesimama juani kama nguo?"

"Nimekuja kuuliza kama yupo."

"Yupo kazini. Na wewe unajua yupo kazini, maana kila siku saa hizi yupo kazini. Haya, kaa useme kilichokuleta."

Akakaa. Huyu kijana mtaani wanamwita Pima, kwa sababu hakati ubao kabla hajaupima mara mbili, na hata maneno yake hutoka hivyohivyo, moja, kisha unangoja. Asubuhi ile macho yalikuwa mekundu na ndevu hazijanyolewa.

"Bibi, nimeharibu."

"Nini?"

"Picha. Na Jumamosi pia."

Nikaacha mchele. Jumamosi ndiyo siku wazee wake walipanga kuja kwangu kumzungumzia mjukuu wangu. Vikombe nilikwisha viazima kwa jirani, na jirani alikwisha uliza ni vya nini, kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa unajua.

Sasa lazima nirudi nyuma kidogo, la sivyo mtu hatamwelewa huyu msichana na ubao wake.

Mjukuu wangu hakufundishwa kuchora na mtu. Ukiniuliza mwalimu wake wa kwanza, nitakuonyesha ukuta wa chumba changu, ule unaonyonya maji mvua zikinyesha. Alipokuwa mdogo alilala nami, akiyatazama yale mabaka ya unyevu mpaka usingizi umchukue, na asubuhi nakuta ameyazungushia mkaa. Hapa mbuzi. Hapa mtu kabeba mtoto. Hapa mwanamke mwenye pua kubwa.

"Huyu ndiye mimi?"

"Hapana, bibi. Huyu ni maji tu."

Baba yake, mwanangu wa pili, ni fundi rangi wa nyumba. Shule zikifungwa alimchukua kazini, akamfundisha kushika brashi, kupiga mstari ulionyooka kando ya dirisha, na kungoja rangi ikauke kabla ya kupaka nyingine. Kungoja huko ndiko kulikomkaa zaidi. Hajawahi kuwa mtu wa haraka.

Alipokua akapata kazi duka la rangi, kuchanganya. Mteja analeta kipande cha kitambaa au cha ukuta wa zamani, yeye anatazama, anatia hiki na kile, anakoroga mpaka zinafanana. Akikosea, kopo halirudi rafuni. Tajiri wake humwachia. Kwa makopo hayo ya makosa ndiyo anachora, na pale dukani ndipo alipokutana na yule anayemwita Mwalimu.

Mwalimu ni kitabu. Kilikuwa kwenye rundo la karatasi za kufungia misumari, jalada hakina, kurasa za mbele hakina, za nyuma zimekwisha enda na misumari. Zimebaki picha za katikati, za mtu mmoja aliyechora mahali fulani, zamani, hatujui nani. Mjukuu wangu alikileta nyumbani ndani ya khanga kama mtoto mchanga. Kuna picha ya mwanamke anachana nywele. Hiyo aliiiga msimu mzima wa mvua, na kila siku aliinung'unikia.

"Bibi, tazama shavu lake. Unaona rangi gani?"

"Ya ngozi."

"Tazama vizuri. Kuna kijani."

Nikatazama. Kweli kulikuwa na kijani, na ukishakiona shavu linakuwa hai. Toka siku hiyo akikutazama sana usifikiri anakudharau. Anatafuta kijani chako.

Mtaani wanamwita Madoa, kwa vile hakosi doa mkononi au kisigino. Jina hilo halimkeri.

Sasa, ubao. Ubao ni mmoja tu, mkubwa kama mlango. Nyumbani kwangu haukuwa na pa kukaa, ndiyo maana upo karakana kwa seremala, kwenye kona iliyo karibu na mlango mpana, ambako mwanga wa alasiri huingia vizuri. Anatoka dukani, anapita pale, anachora mpaka mwanga ukipungua. Na akimaliza picha anaiacha imesimama siku kadhaa, anaizungukazunguka, kisha anaipaka rangi ya majivu juu yake yote na kuanza nyingine. Hiyo ndiyo kawaida yake. Mara nyingine anakwangua kwa kipande cha bati ili rangi ya chini ichungulie, hapa nyekundu ya jana, pale buluu ya mwaka jana. Watu walishangaa. Mimi mwenyewe nilishangaa mpaka nikachoka.

Seremala hakuuliza kitu. Alikuwa anapiga randa yake upande huu, yeye anapaka upande ule, na maranda yanaruka mpaka kwenye makopo. Hivyo ndivyo walivyopendana, bila kutazamana, mpaka siku moja mwanaume akapima neno lake mara mbili akalisema, na msichana akajibu bila kugeuka, "Mbona ulichelewa?"

Basi mwezi huo wa posa msichana akaamua kumchora. Akamkalisha kwenye kigoda.

"Nicheke au nisicheke?"

"Kaa kama unavyokaa."

"Mimi ni kopo lipi?"

"Nusu ya kahawia ya milango. Nyekundu ya bati, kidogo. Na kijani."

"Kijani? Naumwa?"

"Kila mtu anacho, chini ya jicho. Chako ni kizuri. Usisogee."

Aliniambia hivyo seremala huku anaikunjakunja kofia. Alisema hakuna mtu aliyewahi kumtazama muda mrefu namna ile tangu azaliwe, na kwamba alikuwa anaona haya, na kwamba ilipofika siku ya mwisho ya kukaa kwenye kile kigoda alitamani angekuwa na sura kubwa zaidi ili kazi isiishe.

Picha ikaisha, au seremala alidhani imeisha. Na hapo ndipo mama yake alipoingia.

Mama yake ni dobi. Nguo za mtaa huu wote, za maofisa na za maharusi, zinapita mikononi mwake. Alileta chakula cha mchana cha mwanawe, akafunua shuka lililofunika ubao, akatazama.

"Amekupatia," akasema. "Hata kovu la nyusi. Atakuweka wapi?"

"Popote, mama. Kisha atapaka juu. Ndiyo kawaida yake."

"Juu ya uso wako?"

"Juu ya picha."

Mama akarudisha shuka. "Mimi maisha yangu yote naondoa madoa," akasema, "na mwanangu anakwenda kuniletea Madoa nyumbani. Hilo nimelimeza. Lakini hili la pili halishuki. Mwanamke anayefuta kila anachokifanya kwa mikono yake, baba, siku moja atakufuta na wewe. Kula, kinapoa."

Hakula. Jioni msichana alipoondoka, seremala akachukua kopo la vanishi, ile nzuri ya meza za wageni, akaipaka picha nzima, akangoja, akaipaka tena. Vanishi inalinda. Mbao yoyote anayoipenda anaipaka vanishi. Kwa akili yake alikuwa amefunga mlango mwizi asiingie.

"Lakini mwizi ni nani?" nikamuuliza.

"Ndilo sikulipima, bibi."

Kesho yake saa kumi mjukuu wangu akaja kutoka dukani, akavua viatu, akafunua shuka. Seremala anasema hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aligusa shavu la picha kwa kidole, kidole kikanata.

"Nani amepaka?"

"Mimi. Mara mbili. Ile nzuri."

"Kwa nini?"

"Isiharibike."

Akasogea nyuma kutazama. Vanishi ile ina umanjano wake. Juu ya mbao ya mninga inapendeza, juu ya rangi ya maji imetoa uso wa mtu aliyelazwa wodini. Kile kijani chini ya jicho kilikuwa kimezama, hakipo.

"Nani alikwambia imekwisha?"

"Ilikuwa nzuri."

"Sikuuliza kama ilikuwa nzuri."

"Ungepaka juu yake."

"Ndiyo. Jumapili."

"Jumapili." Seremala anasema hapo ndipo sauti yake ilipomtoroka. "Jumamosi wazee wangu waje, unywe nao chai, ukubali kuwa mke wangu. Jumapili unifute."

"Nani kasema kufuta?"

"Mama..." akanyamaza, lakini lilikwisha toka.

"Mama kasema nini?"

Akamwambia, neno kwa neno. Msichana akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, na haya seremala aliyarudia kwangu mara mbili, kama mtu anayesoma kipimo:

"Wewe ulifundishwa useremala na mjomba wako. Alikushika mkono akakuonyesha. Mimi sikushikwa mkono na mtu. Nachora, naona nilipokosea, napaka juu, nachora tena. Sina shule nyingine. Umeifunga na kuitia vanishi, kisha unaniambia ni nzuri."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Miezi yote hii nipo hapa, hatua chache na wewe, hukuuliza kwa nini." Akachukua viatu mkononi. "Waambie wazee wasije."

Akaondoka, akaacha brashi zake ndani ya kopo la maji. Mtu asiyeacha brashi hata akiwa na homa. Seremala alizikuta, akaziosha moja moja, akazikausha kwa shati lake, ndipo akakaa chini kwenye maranda.

Huko nyumbani mimi niliona tu mtoto anaingia, anasema ameshiba, anageukia ukuta. Nikajua hakulala, kwa sababu mtu aliyelala hapumui kwa uangalifu hivyo.

Basi nikammiminia seremala chai. Akaishika tu.

"Hiyo vanishi haitoki?"

"Inatoka kwa msasa. Lakini itatoka na uso."

"Uso wa nani?"

"Wangu."

"Uliipaka usifutwe."

"Ndiyo."

"Na sasa?"

"Sasa nang'aa, bibi. Nang'aa peke yangu karakana."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Nikarudi kwenye mchele. Rangi sijui, na mapenzi niliyojua mimi yalikuwa ya zama nyingine. Mwisho akainuka mwenyewe.

"Nitaitoa. Lakini sitaugusa ule ubao tena bila yeye kusema niguse. Naenda dukani kumwomba."

"Mbele ya wateja?"

"Nikingoja wateja waishe, nitapata woga."

Akaenda. Chai yake niliinywa mimi.

Yaliyotokea dukani nilipata kwa mjukuu wangu. Alikuwa anakoroga ndoo ya rangi ya krimu, foleni imefika mlangoni. Akamwona seremala anashika nafasi yake nyuma ya mama mmoja mnene mwenye mwavuli, anangoja zamu kama mteja. Zamu ikafika.

"Nikusaidie nini?" Hakumtazama.

"Nataka ruhusa."

"Hatuuzi."

"Ruhusa ya kupiga msasa. Nitoe nilichopaka. Nitaondoa mpaka pale utakaposema basi, hata kama nikiondoka chote."

"Ukiondoka chote utabaki na nini?"

"Ubao. Nataka nikurudishie ubao."

Mjukuu wangu akaendelea kukoroga. Yule mama mwenye mwavuli akasogea.

"Binti, huyu kijana kakukosea?"

"Kidogo, mama."

"Amekuja kazini kwako, mchana, mbele ya watu, hajalewa?"

"Hajalewa."

"Basi mpe anachotaka. Mimi wangu alinikosea tukiwa hatujazaa, mpaka leo tuna wajukuu, hajapata nafasi ya kuniomba radhi. Na nina mafundi wananingoja na ngazi."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mpe, dada, tuondoke." Mwingine akauliza anapewa nini. Wakamweleza vibaya, akasema na yeye anataka.

Mjukuu wangu akagonga mfuniko wa ndoo.

"Saa kumi," akasema. "Lete msasa laini. Ule wa kulowanisha."

Saa kumi alimkuta seremala ameulaza ubao juu ya meza ya kazi, amefagia karakana nzima, ndoo ya maji safi iko pembeni. Hawakusalimiana. Akampa kipande cha msasa, na yeye akachukua chake.

"Uanze wewe," mjukuu wangu akamwambia.

Akaanzia kwenye paji la uso. Kwenye paji lake mwenyewe, mtu na akili yake. Maji yakawa ya manjano, kisha ya maziwa, kisha ya kahawia. Nyusi ikaenda na kovu lake. Msichana anasema alimtazama uso wa kweli ukiwa umeinama juu ya ule wa rangi, na akaona kidevu kinacheza, na hasira aliyokuja nayo akawa haijui aiweke wapi. Akainamia upande wake, akasugua naye. Vidole vyao vilikuwa vinakutana kwenye ndoo.

"Unaumia?" akamuuliza.

"Sikio la kushoto lilinikaa vizuri."

"Lilikuwa kubwa mno. Ningelirekebisha."

"Kwangu ni kubwa."

"Si kama lile."

Ndipo mlango ukapata kivuli. Mama yake seremala. Alikuwa amesimama kizingitini, jua nyuma yake, kapu la nguo zilizopigwa pasi kichwani.

"Shikamoo, mama," mjukuu wangu akasema, mikono ndani ya maji.

"Marahaba." Akatua kapu. Akasogea, akatazama meza, akaona uso wa mwanawe umefika nusu. "Umemtuma ajifute mwenyewe?"

"Amejituma, mama."

"Mimi nimetaka," seremala akasema. "Nilichopaka kilikuwa changu, ubao wake."

Mama alikuwa anatazama mikono ya mwanawe. Dobi hawezi kuona mtu anasugua vibaya akanyamaza.

"Mbona unaparura kama kuku? Utachana kilicho chini. Lete." Akampokonya msasa, akakunja mikono ya gauni, akajipenyeza katikati yao. "Doa linasuguliwa kutoka nje kuja ndani. Ukianzia katikati unalitandaza. Wewe binti, sogea kidogo, na wewe badilisha haya maji, machafu."

Wakasogea. Kijana akabadilisha maji. Mama akaendelea, mkono mwepesi, duara dogo dogo, huku ananung'unika kwamba jana hakulala, kwamba mtu akisema neno moja na mwanawe faraghani hakulituma mtaani, kwamba watoto wa siku hizi midomo yao haina vifungo. Hakumtaja mtu. Mjukuu wangu akamwacha aseme.

Ile vanishi ilikuwa imekwisha kwenye kona ya chini, na rangi ya majivu nayo ikawa inapukutika. Chini yake ikatoka picha nyingine: ua wa nyuma wa nyumba yangu, kamba ya nguo. Mama akasogeza maji kwa kiganja. Chini ya kamba, kipande cha anga. Chini ya anga, pale msasa ulipozama zaidi, kukatokea kitu cha kahawia, kirefu.

Mama akasimamisha mkono.

Kilikuwa kidole. Akasugua kando yake, taratibu sasa, kwa ncha ya dole gumba, na vikatokea vingine, mkono mzima umeshika penseli. Kidole cha shahada kilikuwa kifupi, kimeishia kwenye kiungo cha mwisho.

Seremala akautazama mkono wake mwenyewe. Msumeno ulimchukua ncha ya kile kidole akiwa bado anajifunza kwa mjomba wake. Na aliyemfunga jeraha, akamlalia mlangoni usiku ule asiamke na maumivu peke yake, ndiye huyu aliyeshika msasa.

"Hii ni ya lini?" mama akauliza.

"Ya kwanza, mama," mjukuu wangu akasema. "Siku niliyokuja kununua ubao. Aliupima mara mbili, akaweka alama kwa penseli. Nikaenda nyumbani nikashindwa kukumbuka uso wake, nilikumbuka mkono tu. Nikauchora, nikapaka juu yake, nikaurudisha ubao hapa kwa kisingizio hakuna nafasi kwetu."

"Nafasi hamna kweli?"

"Hamna. Lakini ningeweza kutafuta."

Seremala akakaa kwenye kigoda. "Upo chini ya zote?" akauliza. "Zile zote nilizoziona unapaka?"

"Chini ya zote. Na kuna nyingine mbili tatu zako katikati, mgongo, na ukiwa unakunywa maji. Mbaya. Ndiyo maana nilizipaka."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia ungeanza kukaa vizuri."

Mama alikuwa bado ameinama. Akauchovya mkono kwenye maji akausuuza ule mkono wa rangi, mara moja, kama anavyosuuza kola. Kisha akajikausha kwa upande wa gauni.

"Na juu ya huu utapaka nini?"

"Sijui bado, mama. Lakini nitapaka. Siwezi kukudanganya kwamba nitaacha."

"Hata baada ya kuolewa?"

"Hata baada ya hapo."

Mama akamtazama, muda mrefu, naye akatazamwa. Mjukuu wangu anasema alijilazimisha asitafute kijani.

"Niliwaambia wazee wasije Jumamosi, kama alivyosema huyu," mama akasema, akajitwika kapu. "Kuwaambia tena waje ni kazi, wale hawasikii vizuri. Nataka kujua kabla sijapoteza sauti. Tuje, au tusije?"

Mjukuu wangu akataka kujibu palepale. Akajikumbusha kwamba nyumba inayopokea wageni si yake.

"Nitamuuliza bibi."

"Umefunzwa," mama akasema, na akaondoka. Alipofika nje akapaza sauti: "Msiache maji yakauke juu yake. Mkaushe sasa hivi, kwa kitambaa laini."

Wakakausha. Hapo sikusimuliwa vizuri, mtoto aliruka sehemu, na mimi sikumbana. Aliniambia tu kwamba seremala alimuuliza, "Kwa nini unapaka juu?" na yeye akamjibu kwa kirefu, mpaka mwanga ukapungua, na kwamba ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza kwa kutaka kujua. Na kwamba alimshika kile kidole kifupi, akakipima kwa macho, akagundua pale ubaoni alikikosea kidogo.

Alirudi kwangu jua halijazama sawasawa. Alikuwa na vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Akakaa kwenye kitanda changu, si chake, bila kuvua viatu, akanisimulia yote haya niliyoyaandika. Nilimpa maji akanywa kopo zima. Sauti yake ilikuwa inapungua kila alipofika mwisho wa sentensi.

"Basi umeniuliza," nikamwambia. "Na mimi nakuuliza wewe. Waje?"

Akajilaza pembeni, mashavu kwenye viganja.

"Waje, bibi."

"Kwa hiari yako? Si kwa huruma?"

"Huruma ilikwisha dukani." Akapiga miayo. "Lakini waje mchana, kuwe na mwanga. Mama yake alisimama na jua nyuma. Uso wake nimeuona nusu."

"Unataka kumchora mkweo siku ya posa?"

"Kumtazama tu."

"Na ukimchora, utampaka juu?"

Nikangoja jibu. Nikainama kumsikiliza, na safari hii alikuwa anapumua ovyo, mdomo wazi, kama alivyokuwa akipumua utotoni. Nikamvua viatu, kimoja kikawa kizito kwa rangi iliyokauka. Nikamfunika. Kitanda changu amekwisha kichukua, nikasema niketi kidogo pembeni yake mpaka giza liingie, nifikirie vikombe, nimkalishe wapi yule mama ili mwanga wa dirisha umwangukie vizuri usoni. Kichwani nilifika kwenye kiti cha pili. Baada ya hapo sikumbuki.